Late ya Mbele na Late ya Nyuma

Mwalimu wetu wa Kiingereza alipopewa habari ya kifo cha dada yake wa pekee, alicheka. Nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika debe la mchele nje ya mashine yetu ya kukoboa pale Ipinda, pumba mpaka kwenye kope, na mimi nikacheka naye. Hakwenda kumzika. Kwa muda mrefu watu walikuwa wakiniuliza ilikuwaje mtu mzima, msomi, mzee wa kanisa, afanye jambo la namna ile, na mimi nilikuwa nawajibu kwamba kisa chote ni kivumishi kimoja cha Kiingereza. Walidhani nawatania. Nikiwaeleza mpaka mwisho walikuwa wanashika vinywa.

Huyu mtu nimemjua tangu nikiwa kidato cha kwanza, nikavua sketi ya shule nikaolewa, nikawa jirani yake ukuta kwa ukuta. Kwetu anaitwa Mwalimu, basi. Walimu wengine wana majina na masomo yao, wa Hesabu, wa Kilimo, lakini ukisema Mwalimu bila kuongeza kitu, hata mtoto wa chekechea anakuonyesha nyumba. Sitakueleza alivyo kwa sifa, mrefu au mfupi, mweusi au maji ya kunde, maana nikimsifia au nikimkosoa kwa sifa atanikatalia. Alikuwa na baiskeli, mwavuli, na mashati ya mikono mirefu ambayo hakuyakunja hata kwenye joto la Kyela, joto ambalo sisi wenyewe tuliozaliwa nalo linatushinda.

Sifa alizifundisha kuliko kitu kingine chochote. Walimu waliomtangulia walianza na nyakati, na vitenzi, na yale mambo ya jana nilikwenda kesho nitakwenda. Yeye aliingia darasani siku ya kwanza, akaandika ubaoni maneno mawili tunayoyasema toka tunapoamka mpaka tunapolala, "mbombo ngafu", kazi ngumu. Akageuka, akauliza, kati ya haya mawili, lipi linaweza kusimama bila mwenzake? Mtu kajibu kwa woga kwamba ni mbombo. Akasema, ndiyo, kazi inabaki kazi hata ukiiondolea ugumu, lakini ngumu peke yake ni nini? Ngumu ya nani? Basi hiyo ngafu ndiyo kivumishi, na mwaka huu wote kazi yetu ni kuvitafuta vivumishi vya Kiingereza popote vilipojificha. Mpaka kengele inalia tulikuwa tunacheka kwa sababu hatujawahi kuona Kinyakyusa kimeandikwa ubaoni bila mtu kuchapwa.

Alikuwa na namna yake ya kueleza maumbo ya maneno. Neno kwake lilikuwa ukoo. Akiandika "care", anasema huyu ndiye mama mwenye nyumba. Watoto wake ni hawa, "careful", mtoto aliyejaa uangalifu, na "careless", mtoto aliyeondokewa na uangalifu wote. Ukiongeza mkia mwingine, "ly", unapata mkwe, amekuja kwa ndoa, hasifii tena mtu, anasifia kitendo. Tulikuwa tunaimba, "ful" ni kujaa, "less" ni kukosa, huku tunapiga madawati. Halafu akatupa zoezi: kila mmoja atunge sentensi zenye "ful" na "less" kuhusu mtu anayemfahamu. Mimi, mdomo wangu ulivyo tangu zamani, nikaandika kwa Kiingereza kwamba mwalimu wetu ni "wifeless, childless and cowless". Hana mke, hana mtoto, hana ng'ombe.

Uliza Mnyakyusa yeyote, kumwambia mwanaume hana mke ni neno baya, hana mtoto ni baya zaidi, lakini hana ng'ombe, hapo unatafuta vita. Darasa zima lilijua nitachapwa. Mke wake alikuwa ameondoka zamani, na watoto hawakujaliwa, kwa hiyo mawili ya kwanza yalikuwa ya kweli na yalikuwa yanauma. Akasoma daftari langu amesimama. Akasoma tena. Nikaona mabega yanatikisika, kumbe anacheka, anacheka mpaka anafuta macho kwa mkono wa shati. Akasema, "Kwa umbo, zote tatu sahihi, ingawa hilo la tatu Waingereza wenyewe hawajalifikiria. Kwa ukweli, ya tatu ni kosa. Nina ng'ombe mmoja Makwale." Akanipa alama zangu.

Somo lililowatesa wengi lilikuwa la "boring" na "bored". Kiswahili chetu hakina mtego huo, umechoka, umechoka. Atupele wa Talatala alisimama siku moja mchana wa jua kali akasema, "Sir, I am boring." Mwalimu akamwangalia kwa huruma kabisa. Akamwambia, hilo tunalijua siku nyingi, ila hatukutaka kukuumiza; unachotaka kusema ni kwamba mimi nimekuchosha. Akatupa kanuni ambayo sijaisahau na watoto wangu nimewafundisha: mwenye "ing" ndiye mkosaji, mwenye "ed" ndiye aliyekosewa. Kabla hujaandika, jiulize nani kamfanyia nani.

Sasa mtu wa namna hii, ungetegemea kinywani mwake sifa zimejaa. Wapi. Kwa Kiswahili alikuwa bahili wa sifa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nikampelekea amwone. Mama yangu alikuwa pembeni, amejiandaa kupokea yale maneno watu wanayosema, mtoto mzuri, mtoto kafanana na babu. Mwalimu akamfunua, akamtazama muda, akasema, "Huyu ni mtoto." Akamfunika. Mama yangu hakumsalimia mwezi mzima. Ukimkaribisha wali, na wali wa Kyela unavyonukia, unasikia kwa jirani wa tatu, anakula, anamaliza, anasema, "Huu ni wali." Nilimuuliza ana roho gani. Akanijibu kwamba sifa ni kama chumvi, ukiimwaga kila mahali, siku unayoihitaji unakuta mfuko mtupu. Kwa hiyo anaitunza. Nikamwambia atakufa nayo imejaa gunia. Akasema huenda.

Na alikuwa na ugonjwa mwingine, huu nausema kwa uchungu. Alisikiliza sentensi kabla hajamsikiliza mtu. Ungemwambia nyumba inaungua, kwanza angetaka kujua inaungua au imeungua. Kuna siku tuko kidato cha tatu, Lusajo alianguka uwanjani, jua na njaa, na mwenzetu mmoja akakimbia mpaka mlangoni akisema kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba Lusajo "is fainting". Mwalimu akainua kidole. Akasema, "Has fainted. Kama kazimia, ameshazimia." Mtoto wa watu akasema, ndiyo, has fainted. Hapo ndipo Mwalimu akatupa chaki, akatoka mbio, na nakuambia alikuwa wa kwanza kufika, akambeba Lusajo mgongoni mpaka zahanati. Lakini alirekebisha kwanza. Sisi wanafunzi tuliona ni kichekesho.

Dada yake ndiye alikuwa binadamu pekee aliyemshinda. Aliolewa Malawi tangu usichana wake, mumewe akafa, akabaki Mzuzu kwa binti yake, na kila mavuno ya mpunga alikuja Ipinda kuchukua mchele mpya wa kwao. Yule mama alikuwa anachelewa. Si kuchelewa kwa kawaida, alichelewa kama vile ana mkataba na mtu. Harusi yake mwenyewe, wanasema, alifika watu wameshaanza kunawa. Akisema anakuja Jumamosi ya mnadani, mtegemee Jumatano. Ulikuwa unasikia sauti yake toka barabarani, "Mugonile," anasalimia mtaa mzima, huku kaka yake amesimama mlangoni amenuna, na ndani kuna sahani imefunikwa. Kila siku ya kumngoja, hiyo sahani ilipakuliwa. Asipofika, kesho inapakuliwa nyingine. Mimi nimekula sahani nyingi za dada wa Mwalimu, maana chakula hakitupwi.

Hata ubaoni alimweka. Alipofika kwenye neno "late", kila mwaka, kwa kila darasa, alieleza kwamba kuna vivumishi vinavyobadilika maana kwa kubadilisha mahali. Kikija mbele ya mtu, "my late father", baba yangu marehemu, Mungu amrehemu. Kikija nyuma, baada ya "is", hakina msiba wowote ndani yake, mtu kachelewa tu. Na mfano aliouandika kwa miaka yote ni huo huo: "My sister is late." Tukaimba, late ya mbele inazikwa, late ya nyuma inangojwa. Sisi tuliosoma kwake hatuwezi kukosea hilo. Tumelishika mno.

Basi siku hiyo. Mavuno yalikuwa yameanza, mashine inanguruma toka asubuhi, kokoa za watu zimeanikwa kando ya barabara mpaka hewa yote ina uchachu. Nilikuwa napakia mchele kwenye fuso la dereva mmoja kutoka Mzuzu, mtu mzima mwenye adabu zake, tumefanya biashara naye misimu kadhaa. Kinyakyusa hajui, Kiswahili chake kinaishia kwenye bei, kwa hiyo mimi naye tulikuwa tunaelewana kwa Kiingereza nilichofundishwa na Mwalimu. Akaniuliza kama namfahamu mzee fulani, mwalimu, ana ujumbe wake kutoka kwa binti wa dada yake. Alisema binti amempigia sana mjomba wake, hapatikani. Hilo kwetu si habari, mvua ikipita upande wa ziwani tu mtandao unakwenda nayo. Nikacheka, nikamwambia ana bahati, yule pale anakuja.

Mwalimu alikuwa anasukuma baiskeli, ana furushi la mitihani nyuma. Dereva akavua kofia. Nakumbuka hilo, alivua kofia akaishika kifuani, na mimi nikaona ni heshima ya mtu wa Malawi kwa mwalimu. Akasema kwa sauti ya chini, "Teacher, I was sent by your niece. Your sister is late."

Mwalimu akatabasamu. Akamjibu kwa Kiingereza kwamba dada yake anachelewa siku zote, wala asijisumbue, "we will keep her food", tutamtunzia chakula chake. Akacheka. Nikacheka. Dereva akatuangalia, mmoja, kisha mwingine, mdomo wazi. Akasema, "I am very sorry, sir." Mwalimu akampiga begani akamwambia asiombe radhi, kosa si lake, ni la dada yake huyo, hajirekebishi. Akapanda baiskeli akaenda zake. Dereva alihesabu magunia yake, akafunga turubai, akaondoka bila hata kuniaga, nikasema moyoni, leo huyu baba kaamka vibaya.

Jamani, sisi tungejua vipi? Kule kwao wanasema hivyo. Mtu akifa, wanasema "is late". Inakuja nyuma, baada ya "is", pale pale ambapo Mwalimu ametufundisha hapana msiba. Kiingereza kimoja, mto mmoja tu wa Songwe katikati, na upande huu maana yake weka sufuria jikoni, upande ule maana yake njoo na jembe. Na dereva wa watu alichagua neno hilo kwa staha, asimtamkie mzee wa watu kifo mbele ya mashine ya kukoboa.

Wakati huo Mwalimu anapakua sahani, anafunika, anangoja. Aliyekuja badala ya dada ni mama mmoja muuza dagaa, wa huku kwetu, anayekwenda na kurudi Karonga. Alikuja asubuhi, kafunga kitenge kiunoni kama tunavyofunga msibani, akasimama uani kwa Mwalimu. Mimi nilikuwa naanua nguo upande wangu. Akasema, "Pole, tata," yaani baba. Mwalimu akauliza pole ya nini. Yule mama akadhani ni uchungu unamsemesha, akaanza kulia, akasema kwa Kinyakyusa, "Dada yako afwile, tata. Wameshamzika."

Afwile. Amekufa. Kwa Kinyakyusa huwezi kupotea, kufa ni kitendo, mtu amekitenda, kimekwisha. Kwa Kiswahili ni hivyo hivyo. Waingereza peke yao ndio walioona kufa kunaweza kuwa sifa ya mtu, ukaiweka mbele au ukaiweka nyuma. Nilidondosha nguo zote kwenye tope. Nilimwangalia Mwalimu nikaona na yeye ananiangalia, na wote wawili tulikuwa tunamsikia yule dereva, na kofia yake kifuani. Mwalimu alisema neno moja, "Late." Akaingia ndani. Akatoka na sahani ya wali wa jana, imefunikwa, akampa mama muuza dagaa, akamwambia, "Chukua, mama, kula." Mama wa watu akaipokea kwa mikono miwili hajui aifanye nini.

Yaliyotoka Mzuzu baadaye yalikuwa mabaya. Kwetu, mwanamke aliyeolewa mbali akifa, lazima ukoo wake uonekane kaburini, la sivyo ni kama alikuwa hana watu. Ukoo wa yule mama ulikuwa mtu mmoja, Mwalimu. Waliuweka mwili mpaka kesho yake jua likaanza kuinama, wanamngoja. Badala yake akafika dereva na habari kwamba mjomba kacheka, na mwanamke mmoja wa mchele naye kacheka, wakasema watamtunzia marehemu chakula. Binti akaagiza neno moja, likapitia Karonga kwa mama muuza dagaa: mwambieni mjomba nimesikia. Simu za Mwalimu hakupokea tena. Na Mwalimu, ambaye mke kaondoka na mtoto hakujaliwa, alikuwa amebakiwa na damu hiyo moja tu duniani, huyo binti.

Nilipigana kwa ajili yake. Sokoni, kanisani, kwenye kikoba cha wanawake, nilisimulia ile ya late ya mbele na late ya nyuma mpaka watoto wakaijua. Mtu akimsema Mwalimu kwamba alimcheka marehemu, namkalisha chini, namfundisha sarufi pale pale. Nilikilaani Kiingereza, nikamlaani dereva na staha yake, nikamlaani na binti, mkaidi gani asiyetaka kusikiliza maelezo ya dakika mbili. Mwalimu akinisikia ninavyoeleza ananyamaza. Wanafunzi waliniambia alipofika kwenye lile somo mwaka huo aliandika "My", akasimama, akafuta, akawaambia wafungue ukurasa unaofuata. Alikonda. Ng'ombe wa Makwale alimuuza. Nilimuuliza fedha za nini, akasema za safari, halafu hakusafiri, msimu ukaisha.

Ndipo asubuhi moja akapiga hodi kwangu amevaa koti. Akasema, "Binti yangu, twende Mzuzu. Wewe ulikuwepo. Utakuwa shahidi wangu." Nikamwachia mume wangu mashine na watoto. Tulivuka mpakani Kasumulu, tukapita Karonga, basi likaanza kupanda milima mpaka baridi ikatuingia miguuni, na njia nzima Mwalimu hakusema kitu isipokuwa mara moja. Aliniuliza kama nadhani mtu anaweza kusamehewa bila kueleweka kwanza. Nikamwambia tunakwenda kueleweka, kusamehewa kutafuata. Nilikuwa na uhakika kabisa. Ushahidi nilikuwa nao kichwani, nimeurudia mara nyingi mno.

Binti ni fundi cherehani, mwanamke wa makamo sasa, uso wa mama yake mtupu, hata mimi nilishtuka alipofungua mlango. Kisha akasema, "Karibuni," kwa Kinyakyusa cha mama yake, kimepinda kidogo kwa kukaa ugenini. Tukaketi kwenye kochi. Mwalimu akaanza kueleza, akakwama. Basi mimi nikachukua. Nilieleza kila kitu, dereva, kofia, late ya mbele, late ya nyuma, wimbo wa darasani, sahani iliyofunikwa kila siku mpaka mama muuza dagaa alipokuja. Nilieleza vizuri kuliko siku zote. Binti alisikiliza ameshika kitambaa alichokuwa anakishona, na nilipofika kwenye sahani machozi yakamtoka.

"Kwa hiyo hamkumcheka mama," akasema.

"Hatukumcheka, mwanangu," Mwalimu akasema. "Nilijua yuko njiani."

Akafuta macho. "Huku kwetu tunasema hivyo kila siku, is late. Sikujua kwamba ninyi hamsemi. Nilikuona mtu katili, mjomba. Hilo nimelielewa, na nimelisamehe. Limekwisha."

Mimi nilitaka kupiga vigelegele. Nilimgeukia Mwalimu nimshike mkono. Hakuwa ananiangalia.

"Sasa niambie la simu," binti akasema.

Nikadhani sikusikia. Nikauliza, simu gani?

Akanijibu mimi, lakini macho yake yalikuwa kwa mjomba wake. "Mama aliugua muda mrefu. Hakufa ghafla. Kila jioni alikuwa ananiambia, mpigie mjomba wako, nataka nimsikie. Napiga, imezimwa. Namwambia mama, mtandao. Kesho yake anauliza tena, namwambia mtandao. Nikaandika ujumbe, nikaandika na mwingine, mama anauliza amejibu? Namwambia mtandao, mama. Alikufa anaamini Kyela nzima haina mtandao."

Nilingoja Mwalimu aeleze. Maisha yangu yote sijawahi kumwona akikosa maelezo. Hata mimi nilishaanza kumtafutia, nikafungua mdomo kuisema mvua ya ziwani, na yeye akaniwekea mkono kwenye goti.

"Nilikuwa nasahihisha mitihani," akasema. "Nikisahihisha naizima. Inanikatiza."

"Mpaka lini?" binti akauliza.

"Mpaka nilipomaliza."

Mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta, na sikuwahi kujua hilo, kwa sababu jirani humpigii simu, unampigia hodi. Nikamuuliza kama aliziona hizo jumbe za binti. Akasema aliziona. Siku ile ile ya mama muuza dagaa, aliiwasha simu, zikaingia zote kwa mfululizo, akazisoma zote.

"Na miezi yote hii hukuniambia," nikasema. "Mwalimu, mimi nimegombana na watu. Nimewafundisha sarufi sokoni."

"Ulikuwa unaeleza vizuri," akasema.

Sijui kama kuna mtu aliwahi kunipiga kofi lililoniuma namna ile. Nilimwangalia huyu mzee niliyemjua tangu nikiwa na sketi ya shule, na nikaona nilikuwa simjui. Cherehani ilikuwa pale mezani na kitambaa chake nusu. Binti akainuka, akafungua mlango wa nyuma, akaonyesha kwa mkono, kanisa lile pale, makaburi yako nyuma yake, la mama ni la mwisho upande wa kushoto, bado lina udongo mwekundu.

"Nenda, mjomba. Mimi siji," akasema. "Aliyekuwa anakungoja si mimi."

Mwalimu akainuka akaenda peke yake. Mimi, shahidi wake, nikabaki nimekaa pale kwenye kochi na yule binti.